Ubao hauendi, tiara inagoma: kutafuta tatizo la ubao wa tiara kwenye Nyanda za Juu Kusini

Mchezo wenyewe ni huu. Unasimama juu ya ubao wenye magurudumu manne ya kujazwa upepo, miguu imebanwa na mikanda ya ubao, kiunoni umevaa mkanda mpana wenye ndoano, na mbele yako, mwisho wa kamba za mita 20 hadi 25, kuna tiara ya mita za mraba kadhaa inayokuvuta. Mpini ulioshika mikononi ndio usukani, na ndio unaoongeza au kupunguza mvuto. Wazo si geni: mwaka 1826 mwalimu mmoja wa Bristol, Uingereza, George Pocock, alipewa hataza ya gari la kuvutwa na tiara badala ya farasi.

Maelezo haya ni ya mtu aliyekwisha kupata vifaa, akafika uwanjani, na mambo yakagoma. Watu wakikwama hukimbilia kulaumu tiara. Huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, mshukiwa wa kwanza ni upepo, wa pili ni kamba, wa tatu ni mikono yako mwenyewe. Tiara huwa ya mwisho, na mara nyingi haina kosa. Tutafuata mpangilio huo, ila kuna kifaa kimoja kinachotangulia vyote.

Kifyatuo ni kigumu au kinaachia nusu

Mpini umeshikana na mkanda wako kwa kitanzi, na juu ya kitanzi kuna kifyatuo. Ukikisukuma, mpini unachomoka, tiara inapoteza nguvu na kubaki imeshikwa na kamba moja ya usalama. Kifyatuo kikigoma, huna njia ya kuachana na tiara upepo ukikuzidi.

Kijaribu kila siku kabla ya kurusha, tiara ikiwa chini. Dalili za matatizo ni mbili: kinasukumika kwa shida, au kinasukumika lakini kitanzi hakifunguki. Chanzo cha kawaida ni vumbi. Lile vumbi laini la Isimani au la Usangu wakati wa kiangazi linaingia ndani ya silinda yake na kuganda. Kioshe kwa maji safi, kisugue kwa mswaki wa zamani, kikaushe kivulini, ujaribu tena mara kadhaa. Usipake grisi wala mafuta ya cherehani. Vumbi la kesho litashika pale pale na kuwa tope. Baada ya kuosha, kikigoma hata mara moja, siku hiyo hakuna kurusha.

Tiara inavuta kwa kushtukia

Hili ndilo tatizo kubwa la ukanda huu. Mtu anasema, "Tiara yangu ina wazimu. Dakika moja imelala, dakika inayofuata imenibeba." Tiara haina wazimu. Upepo ndio unaopiga kwa vipande.

Kwanza tuelewe kimo kinafanya nini. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Paje kule Zanzibar, ambako tiara za majini zimejaa ufukweni. Kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 na kuendelea, upungufu unapita moja ya tano. Jedwali la ukubwa wa tiara linalokuja na vifaa halikuandikwa kwa ajili ya Mbeya. Kwa hiyo mgeni anarusha tiara ya mita za mraba 8 kama jedwali lilivyosema, anaona inavuta kivivu, anaambiwa na wenzake kwamba huku hewa ni nyepesi, na anakwenda kutafuta ya 12.

Hapo ndipo hesabu inapomtupa. Kufidia asilimia 15 ya uzito wa hewa unahitaji tiara kubwa zaidi kwa asilimia 18 hivi, yaani wa 8 achukue 9 au 9.5, basi. Mvuto wa tiara, kwa upande mwingine, hupanda kwa mraba wa kasi ya upepo. Upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 30, mvuto unakuwa mara mbili na robo. Kimo kimekupunguzia asilimia 15. Pigo moja la upepo limekuongezea 125. Anayechagua ukubwa wa tiara kwa kufikiria wepesi wa hewa peke yake amepanga kwa kitu kidogo na kusahau kikubwa. Chagua tiara kwa pigo kali zaidi uliloliona siku hiyo, hata kama katikati ya mapigo utakuwa unasota.

Kama huna kipima upepo, miti inatosha. Majani na vijiti vikitikisika bila kukoma, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa, na hapo ndipo mwanafunzi aanzie. Vumbi na makaratasi yakianza kuruka na matawi madogo kuyumba, umefika 20 hadi 28. Anayejua mpini anafurahi, anayejifunza abaki na tiara ndogo ya mazoezi. Milingoti (mikaratusi) michanga ikianza kuyumba mwili mzima, umepita hapo, na anayejifunza akunje kamba arudi nyumbani.

Sasa tafuta chanzo cha mapigo. Chomeka mti wa mita tatu, funga utepe wa kitambaa juu yake, ukae dakika kumi uutazame. Utepe ukilala kabisa halafu ukanyooka ghafla, au ukizunguka kuelekea huku na kule, kuna kitu upande unakotoka upepo kinachouvunja. Mara nyingi ni msitu wa mipaina, kilima au jengo. Upepo uliovunjwa na kizuizi hubaki umevurugika kwa umbali wa mara saba ya urefu wa kizuizi hicho, na mara nyingi zaidi ya hapo. Mstari wa milingoti ya mita 20 umekuharibia mita 140 au zaidi za uwanja. Nyuma ya mgongo wa kilima ni vibaya zaidi, kwa sababu upepo unajiviringa na kushuka; tiara iliyokuwa juu ya kichwa chako inasukumwa chini kwenye sehemu ya mvuto mkali kabla hujajua. Dawa ni kuhama, si kubadili tiara. Bonde zuri la kijani chini ya Uporoto linapendeza kwa picha, lakini kwa tiara tafuta uwanda ulio wazi upande wa upepo.

Chanzo cha pili ni joto la mchana. Kuanzia Septemba mashamba yameshalimwa au kuchomwa, ardhi ni nyeusi, jua ni kali, na kisulisuli kinazaliwa bila hodi. Penye vumbi utakiona kikija. Penye nyasi huoni nguzo yoyote; unaona nyasi zinalala kwa duara na majani makavu yanapanda juu. Ukiona hivyo, shusha tiara uilalie. Huna muda wa kuishusha? Fyatua. Kisulisuli kina uwezo wa kunyanyua tiara pamoja na mtu aliyefungwa nayo, na wenye uzoefu wa miaka mingi katika nchi nyingine wameumia namna hiyo.

Chanzo cha tatu ni mawingu. Mvua za Novemba zikianza, wingu jeusi likijijenga upande wa Rungwe, upepo hubadili mwelekeo na kupanda kwa dakika chache tu. Ngurumo ya kwanza, hata ikiwa mbali, ndiyo mwisho wa mchezo siku hiyo. Kamba zilizolowa na radi havikai pamoja.

Upepo mzuri, ule wa kunyooka, ni wa kusi: kuanzia Mei au Juni hadi Oktoba, hasa kwenye uwazi kama wa Makambako. Si bure kwamba Makambako ni mahali palipopimwa kwa ajili ya umeme wa upepo, na kwamba kule Mwenga, Mufindi, kuna mashine tatu zenye jumla ya megawati 2.4 zinazozunguka. Kipupwe chake kinakata mifupa, lakini upepo wake unaaminika kuliko wa mchana wa Oktoba.

Tiara inapanda kidogo, kisha inaanguka

Tazama inaangukaje. Kuna namna mbili, na dawa zake zinapingana, kwa hiyo ukikosea utambuzi utaongeza tatizo.

Namna ya kwanza: tiara inasimama hewani, inatetemeka, kisha inarudi nyuma kwa mkia. Imebanwa. Aidha wewe umevuta mpini kifuani, au kamba za nje, zile za kugeuzia na kusimamisha, ni fupi kuliko za kati. Upepo ukiwa hafifu mwanafunzi huvuta mpini akidhani anaongeza nguvu, kumbe anaikaba tiara. Sukuma mpini mbele, iache ipumue, itaanza kuruka tena. Ikiendelea kurudi nyuma hata mpini ukiwa mbali nawe, nenda kwenye kamba. Kamba za kati ndizo zinazobeba mzigo, na kwa miezi ya matumizi hurefuka taratibu. Za nje hazirefuki kiasi hicho, zinabaki fupi kwa kulinganisha. Kwa hiyo tiara iliyoruka vizuri mwaka jana na sasa inarudi nyuma haijazeeka, imepotea vipimo.

Namna ya pili: pua ya tiara inajikunja ndani, tiara inakuwa tambara na kuporomoka mbele. Imekupita, iko karibu juu ya kichwa au nyuma yake, kamba zimelegea. Umesogea mbele kuielekea, au upepo umekatika ghafla. Rudi nyuma hatua za haraka, vuta mpini kidogo kamba zikaze. Angalia tu usirudi nyuma bila kujua kuna nini nyuma yako. Mifereji ya umwagiliaji ya Mbarali haina huruma.

Asubuhi za Njombe na Mufindi kuna sababu ya tatu, umande. Tiara ya vyumba vya hewa, ile inayojazwa na upepo kupitia midomo ya mbele, ikilala kwenye nyasi mbichi inalowa, inakuwa nzito na midomo yake inagandana. Subiri jua.

Inajivuta upande mmoja

Unashika mpini sawasawa, tiara inakwenda kushoto. Kabla ya kupima chochote mwombe mwenzako akutazame mikono. Wengi hushusha mkono wenye nguvu bila kujua.

Kama mikono iko sawa, pigilia kigingi ardhini, ning'iniza ncha zote nne za kamba upande wa tiara kwenye kigingi hicho, tembea mpaka mwisho, kaza mpini, utazame. Mpini ulio sawa unakaa mraba na kamba zote zimekaza pamoja. Kamba moja ikining'inia, ndiyo ndefu. Tofauti ya sentimita tatu tu inatosha kuipindisha tiara ndogo. Kwenye vikamba vifupi vya kuunganishia kuna mafundo. Hamisha kamba kutoka fundo moja kwenda jingine mpaka zilingane. Usifupishe kamba yenyewe kwa kupiga fundo katikati. Kamba hizi ni nyembamba na ngumu sana, lakini fundo linazikata nguvu pale linapobana.

Kamba zikiwa sawa na bado inapinda, fanya jaribio hili: hamishia kamba za kushoto kulia na za kulia kushoto, kwenye tiara na kwenye mpini, bila kuzipishanisha. Mpindo ukihamia upande wa pili, kosa ni la kamba. Ukibaki pale pale, kosa ni la tiara, na mara nyingi utakuta ndani ya bawa moja kuna kilo ya mchanga, mabua, na pengine panzi kadhaa. Fungua zipu ya ncha ya bawa, kung'uta.

Tiara inavuta, ubao hauendi

Inua ubao, zungusha kila gurudumu kwa kidole. Linalokwaruza au kusimama mapema lina beringi iliyoingia vumbi, au nati imekazwa mno. Legeza nati robo mzunguko, jaribu tena. Beringi zina namba ubavuni. Kama ni 6001, yaani milimita 12 kwa 28 kwa 8, duka lolote linalouza beringi za mota na pikipiki Mwanjelwa au Iringa mjini litakuwa nayo. Zenye namba nyingine, beba ya zamani mkononi.

Magurudumu yakiwa salama, kosa ni ardhi. Wanaojifunza kwenye video huona watu wanateleza kwenye fukwe zilizoshindiliwa na maji, halafu wao wanajaribu kwenye shamba la mahindi lililovunwa, lenye matuta na mabua. Haiwezekani, au inawezekana kwa tiara kubwa kupita kiasi, na hilo tumeshalizungumza. Tafuta malisho yaliyoliwa mpaka chini na ng'ombe. Nyasi fupi, ardhi ngumu. Nyasi zikifika kwenye vifundo vya miguu ubao unakula nguvu yote.

Kisha mikono. Tiara iliyotulia sehemu moja kwenye upepo mdogo haitoi nguvu ya kutosha. Iendeshe juu na chini kwa mawimbi marefu, upate mwendo. Ukishaanza kwenda, mwendo wako wenyewe unaongeza upepo kwenye tiara, na hapo unaweza kuituliza.

Inakwenda, lakini kurudi ni kwa miguu

Kila mwanafunzi hurudi akiwa amebeba ubao begani. Ni kawaida kwa majuma ya mwanzo. Ikiendelea, tazama macho yako yako wapi. Anayeitazama tiara huifuata, na tiara iko chini ya upepo, yaani upande unakoelekea upepo. Geuza kichwa utazame kule unakotaka kufika, kaa kwenye visigino kana kwamba unataka kuketi, shusha tiara katikati ya ardhi na kichwa upande wa mwendo. Ikiwa juu sana inakunyanyua tu, na magurudumu yaliyopunguziwa uzito hayang'ati ardhi. Tiara iliyozidi ukubwa inaleta dalili hiyo hiyo: magurudumu yanateleza kiubavu na kuacha mistari minene kwenye vumbi. Rudi nyuma uitazame hiyo mistari, inasema ukweli kuliko rafiki yako.

Ubao unatetemeka ukishika kasi

Ekseli zimelegea. Kaza spring au bushi za mbele na za nyuma kwa kiasi kimoja, hakikisha nati hazijafunguka. Mtu wa kilo 90 hawezi kutumia ukazaji wa kijana wa kilo 55. Na usiufunge ubao mguuni kwa kamba. Ukianguka, kamba hiyo inaurudisha ubao kichwani kwako. Helmeti ni lazima, ile nyepesi ya baiskeli au ya ubao. Ya bodaboda ni afadhali kuliko bure, ila inachosha shingo na kuziba masikio usisikie anayekuita.

Uwanja umepatikana, watu wamekataa

Hili si tatizo la vifaa lakini linasimamisha mchezo kuliko pancha. Malisho ya kijiji yana wenyewe. Nenda kwa mwenyekiti, bila tiara mkononi, salimu kwanza. Upande wa Iringa na Njombe anza na "Kamwene", kwa mzee ongeza shikamoo, kisha eleza. Swali litakuwa moja: "Ng'ombe wangu je?" Ni swali halali. Tiara inayovuma ikipita juu ya kundi, kundi linatawanyika mpaka jioni. Kubaliana saa ambazo mifugo imekwenda kunywa maji, na mchungaji akitokea, shusha.

Watoto nao watakuja, na watataka kushika kamba. Kamba iliyokaza inakata vidole. Chagua mmoja mkubwa wao, mpe kazi ya kuwashikilia wengine nyuma ya mstari, upande unakotoka upepo. Atakuwa mkali kuliko polisi.

Kitulo inatamanisha, uwanda ule wote wa nyasi. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa na nyasi zile zimebeba okidi. Magurudumu hayaingii kienyeji. Tafuta malisho nje ya mipaka. Kaa mbali kabisa na viwanja vya ndege vya Songwe na Nduli. Na kabla ya kukunjua kamba, tafuta nyaya za umeme kwa macho ukizunguka duara zima, hasa Makambako ambako njia kubwa za umeme zinakutana. Umbali kutoka kwako hadi waya uwe zaidi ya mara mbili ya urefu wa kamba zako, na waya wenyewe usiwe upande unakoelekea upepo. Tiara ikinasa kwenye waya, iache. Fyatua kila kitu, ondoka, piga simu TANESCO.

Pancha kila siku

Mbigili. Usangu, Pawaga na Isimani zimejaa. Kabla ya kupanda tembea kwenye njia yako na kandambili, kisha zigeuze utazame nyayo. Zikirudi na miiba, hama.

Tyubu ni kazi nyingine. Ukiomba dukani ya inchi nane, muuzaji atauliza, "Ya toroli?" Usiitikie. Nane ya toroli ni kipimo cha ringi. Nane ya ubao ni kimo cha tairi zima. Mwambie mia mbili kwa hamsini, ile inayotumika kwenye magurudumu madogo ya mbele ya viti vya wagonjwa na kwenye skuta za umeme. Kuziba, fundi wa baiskeli anaweza. Kujaza, tumia pampu ya mkono na usizidishe kipimo kilichoandikwa ubavuni. Kompresa ya gereji inajaza tairi dogo kama hili kwa sekunde moja na kulipasua kwa sekunde ya pili.

Tiara ikichanika, mchano mdogo unabandikwa kwa gundi-kitambaa ya mahema pande zote mbili. Mkubwa mpelekee fundi cherehani anayeshona mabegi, na uzi uwe wa polyester, wa pamba unaoza. Mwambie mapema asiinyooshe kwa pasi.